Uko chuoni? Hakikisha kuna mtu amekuona ukifanya kazi kabla hujaanza kuitafuta

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa aliyeko chuoni sasa hivi, awe wa cheti, stashahada au shahada, hasa yule ambaye bado ana miaka miwili mitatu mbele yake. Kazi yangu inanikutanisha na maombi ya wahitimu wapya. Nasoma CV zao na kukaa nao kwenye usaili. Wengi ni vijana wenye akili na adabu, na alama zao si haba. Wanapokwama ni pale wanapoambiwa "tuonyeshe kitu ulichokifanya", wakaanza kututajia masomo waliyosoma. Inaniuma, kwa sababu muda wa kukifanya walikuwa nao.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea humu ndani: ukiwa chuoni, achana na kuhangaika na cheo. Tafuta kazi ambayo uko tayari kuifanya siku baada ya siku, ianze kwa kiwango kidogo ukiwa bado mwanafunzi, na hakikisha kuna watu nje ya darasa lenu waliokuona ukiifanya. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Kwanza hilo la cheo. Mtu anasema anataka kuwa mwanasheria huku akiwaza joho na hoja nzito mahakamani. Mfuate wakili wa mikataba siku nzima, utamkuta ameinamia waraka wa kurasa 80, anasoma kifungu kimoja kwa mara ya tatu kwa sababu kuna "au" mahali palipotakiwa "na". Mhandisi wa ujenzi anamaliza sehemu kubwa ya wiki kwenye vipimo, ripoti, vikao na mkandarasi na mabishano ya tarehe. Mtengeneza programu za kompyuta anasoma msimbo ulioandikwa na wengine kwa saa nyingi kuliko anazotumia kuandika wa kwake. Muuguzi anaandika kumbukumbu za wagonjwa zamu nzima, na akikosea kuandika kipimo cha dawa, mwenzake wa zamu inayofuata anaweza kumdhuru mtu. Kuna watu wanaipenda kazi ya namna hiyo na wanaing'ang'ania kwa moyo wote. Kuna wengine inawachosha ndani ya mwezi. Wewe uko upande upi? Hilo lijue ukiwa mwaka wa pili, usisubiri mkataba wa kwanza wa ajira.

Mwaka 1908, huko Boston, Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alihusika kuanzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na kitabu chake juu ya jambo hilo kikatoka 1909 akiwa ameshafariki. Alitaka mambo matatu: ujijue mwenyewe, uzijue kazi zenyewe zilivyo, halafu uyapime hayo mawili kwa akili iliyotulia. Karne imepita na ushei, na bado wanafunzi wengi wanaishia kwenye la kwanza. Wanajazishwa dodoso, wanaambiwa wewe ni mtu wa namna fulani, imekwisha hiyo. Madodoso mengi ya aina hiyo yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, aliyeigawa mielekeo ya watu na kazi katika makundi sita: wanaopenda vitendo na zana, wachunguzi, wasanii, wanaohudumia watu, wanaoongoza na kushawishi, na wanaopenda utaratibu wa kumbukumbu na takwimu. Yajaze, yatakupa pa kuanzia. Ila hayatakuambia saa nne asubuhi ya Jumanne utakuwa unafanya nini.

Hilo utalipata kwenye maelezo ya kazi zenyewe. Kuna hazina ya taarifa inaitwa O*NET, inagharamiwa na wizara ya kazi ya Marekani, ina kazi zaidi ya 900 na ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kila kazi imeorodheshewa majukumu, ujuzi unaotakiwa na mazingira yake. Mishahara na soko lililomo humo ni la Marekani, hivyo usilibebe zima zima, lakini majukumu ya mhasibu, mtaalamu wa maabara au mpima ardhi hayatofautiani sana kutoka nchi hadi nchi.

Halafu kuna zoezi ambalo nikipata nafasi ya kuongea na wanafunzi nawasihi wote walifanye. Kusanya matangazo 20 ya kazi unayoitaka, ya ngazi ya kuanzia, ya mahali unapotarajia kuishi. Usiombe hata moja. Chora jedwali. Upande mmoja andika kila jambo linalotajwa kwenye matangazo hayo, upande wa pili weka alama kila linapojirudia. Ukimaliza utaona mambo manne au matano yamejaa alama na mengine yana moja moja. Chukua mtu anayetaka uchambuzi wa takwimu: atakuta Excel imejirudia, SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata) imejirudia, na kuna jambo la tatu ambalo hakulitarajia, yaani kuandika ripoti inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu. Sasa linganisha na masomo yenu. Lile lililojaa alama na halifundishwi kwenye kozi yako ndilo la kujifunza mwenyewe, na sasa una sababu ya kulichagua badala ya kufuata kila mafunzo yanayotangazwa mtandaoni.

Ukikuta "uzoefu wa miaka miwili" kwenye tangazo la ngazi ya kuanzia, usikate tamaa. Mara nyingi mwajiri ana hofu moja tu, kwamba atalazimika kukufundisha kila kitu kuanzia sifuri. Ukimwondolea hofu hiyo kwa kazi inayoonekana, anasogea.

Muda unatoka wapi? Vyuo vya Ulaya vinahesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka pamoja na kujisomea. Chuo chako kinaweza kuhesabu tofauti, lakini mzigo unakaribiana na huo. Ni mzigo mzito, siufanyii mzaha. Ndiyo maana sikuombi saa kumi kwa wiki. Toa saa tatu kwa wiki, wiki 40 za mwaka, unakuwa na saa 120. Kwa miaka mitatu ni saa 360. Kwa saa 360 mtu anajifunza ujuzi mmoja vizuri na kumaliza kazi mbili tatu za kuonyesha.

Kazi ya kuonyesha ni ipi? Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ana miaka 21. Mwezi Agosti akawaandikia watu kwenye kundi la majadiliano la mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu inayoendesha kompyuta, akauliza wangependa uwe na nini. Ukawa Linux. Sikutolei mfano huu ili ujione mdogo. Nataka uone alichokifanya siku ile: aliitoa kazi hadharani ikiwa haijakamilika, akawapa watu nafasi ya kuikosoa. Hilo liko ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote. Wa sheria anaweza kuandika muhtasari wa hukumu kwa lugha ya kawaida. Wa kilimo anaweza kutunza kitalu kidogo na daftari la tarehe, kiasi cha maji na mavuno. Wa ualimu anaweza kusimamia kikundi cha wanaorudia somo, akaandika mbinu gani ilisaidia na ipi haikusaidia.

Wa uhasibu ana bahati kuliko wote, maana kila chama cha wanafunzi kinahitaji mtunza hazina na hakuna anayeitaka kazi hiyo. Angalia tofauti ya mistari hii miwili kwenye CV. Wa kwanza: "Nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi." Wa pili: "Nilitunza vitabu vya fedha vya chama kwa mwaka mzima, nililinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na nilikabidhi hesabu zilizopitiwa na mlezi wa chama." Mtu ni yuleyule, ila huyu wa pili nataka kumwita kwenye usaili nimuulize siku daftari na benki vilipotofautiana alifanyaje.

Mwisho kwa leo, mafunzo kwa vitendo. Wazo la kuchanganya darasa na kiwanda lina umri mrefu: mhadhiri Herman Schneider alilianzisha Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906 kwa wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliona kuna mambo ya fani ambayo hayafundishiki ubaoni. Kwa hiyo usiyachukulie mafunzo haya kama karatasi ya kugongewa muhuri. Ukiwa na nafasi ya kuchagua pa kwenda, ulizia nani atakusimamia kabla ya kuulizia jina la taasisi. Ofisi kubwa ambayo utapewa kiti na simu yako mwenyewe ukae nayo wiki nane haina faida kuliko ofisi ndogo ambayo kuna mtu atakupa kazi halisi na kuirudisha ikiwa na wino mwekundu. Andika kila jioni ulichofanya, hata mstari mmoja. Wiki ya mwisho muulize msimamizi wako mambo mawili: nini ningekifanya vizuri zaidi, na je, uko tayari nikutaje kama mdhamini wangu kwenye CV? Ukisubiri mwaka upite ndipo uulize, hatakukumbuka vizuri.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu ongezeni nyama.

#2 Mchangiaji, mhitimu

Mkuu, uzi mzuri na nimeusoma wote. Lakini tuseme ukweli, kazi ni kujuana. Nina rafiki mwenye kazi za kuonyesha kibao na yuko nyumbani. Mwingine alifaulu kwa kubahatisha, mjomba wake akapiga simu moja tu. Unawapa vijana matumaini ambayo mlango wake uko sehemu nyingine.

#3 Mleta mada

Ndugu yangu, sikatai kwamba kuna anayepigiwa simu na mjomba. Yapo na yanaudhi. Ila neno "kujuana" limebeba mambo mawili na tukiyachanganya tunawakatisha tamaa wasio na wajomba.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 utafiti uliowahoji watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu. Akawauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi wakati ule? Waliojibu "mara kwa mara" walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara chache, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra sana. Wengi hawakusaidiwa na ndugu wa karibu wala rafiki wa chumba kimoja. Walisaidiwa na mtu waliyesoma naye zamani, au waliyewahi kufanya naye kazi na hawakuwa wakionana tena. Sababu inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanazijua habari zilezile unazozijua wewe. Mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022 watafiti walilipima tena jambo hili kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, wakakuta watu wa mbali kiasi ndio wanaosaidia zaidi mtu kuhama kazi kuliko wale wa karibu kabisa.

Mjomba hupewi kwa kuomba. Mtu wa mbali kiasi unaweza kumpata ukiwa mwanafunzi, na hii ndiyo sababu nimesema kazi yako ionwe na watu wa nje ya darasa. Huyo rafiki yako mwenye kazi kibao, swali langu kwake ni moja: nani ameziona?

#4 Mchangiaji, mwaka wa pili

Sasa hao watu wa mbali unawapataje bila kuonekana ombaomba? Mimi nikifikiria kumwandikia mtu nisiyemjua mikono inatetemeka.

#5 Mleta mada

Mdogo wangu, mikono inatetemeka kwa sababu unawaza kumwomba kazi. Usimwombe kazi. Muulize kuhusu kazi yake. Watu wengi wenye shughuli nyingi hujibu swali fupi linaloonyesha umefikiri, na humpuuza anayeandika "naomba msaada wowote".

Andika hivi, ubadilishe panapohusika:

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa takwimu. Nimesoma ripoti mliyotoa kuhusu mahudhurio ya kliniki, na kuna jambo sikulielewa: mlishughulikiaje vituo ambavyo havikuleta taarifa za miezi yote? Najaribu kufanya uchambuzi mdogo wa aina hiyo na nimekwama hapo hapo. Ukipata dakika 15 wiki hii au ijayo nitafurahi kukusikiliza kwa simu. Ukiwa umebanwa, hata jibu la mistari miwili litanisaidia."

Ona kilichomo. Amejitambulisha kwa sentensi moja. Ameonyesha kwamba amesoma kazi ya mtu huyo. Swali lake halijibiki kwa kutafuta mtandaoni. Ametoa njia ya kukubali kwa urahisi. Wa kwanza asipojibu, wa pili atajibu, na si dharau, watu wamebanwa. Akikujibu, baada ya mwezi mrudie kumwambia ulichokifanya kwa ushauri wake. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanapata jibu, wanashukuru, kimya. Ukimrudia na matokeo, umeshakuwa mtu anayekumbukwa.

#6 Mchangiaji, mhadhiri

Naunga mkono, ila mleta mada ameziruka alama. Wanafunzi wanaosoma huu uzi wasije wakaacha vitabu wakimbilie miradi. Udhamini wa masomo ya juu una kiwango cha chini cha ufaulu, na baadhi ya waajiri hali kadhalika. Ukiwa chini ya mstari huo, miradi yako hakuna atakayeifungua.

Nami niongeze: utafiti wa mwaka wa mwisho ni nafasi inayopotea bure. Wanafunzi wananijia na mada waliyoiokota kwenye rafu ya maktaba, ilhali wangeweza kuchagua tatizo la taasisi wanayotamani kufanya kazi, wakaenda kuchukua takwimu hapo, wakahoji watu hapo. Utafiti mmoja unampa mtu alama, kazi ya kuonyesha na watu wa kumfahamu.

#7 Mleta mada

Mwalimu, asante, na nakubaliana nawe moja kwa moja. Alama zikivuka kiwango kinachotakiwa, mwajiri anaanza kuangalia mengine. Zisipovuka, hafiki huko. Kwa hiyo saa tatu kwa wiki nilizosema zitoke kwenye mitandao na vijiwe, zisitoke kwenye kusoma. Na hilo la utafiti ningependa kila aliye mwaka wa tatu alisome mara mbili.

#8 Mchangiaji, mwaka wa kwanza

Mimi kozi sikuichagua, nilipangiwa. Niliomba famasi nikapata sayansi ya mimea. Kila nikisoma uzi wa namna hii naona unawahusu wengine.

#9 Mleta mada

Hapana, unakuhusu sana, na pole, najua inavyokata maini kuamka kila siku kwenda darasa ambalo hukuliomba.

Tuanze na swali moja gumu: kazi unayoitaka ina leseni? Kuna kazi ambazo sheria hairuhusu mtu kuzifanya bila elimu mahususi na usajili kwenye bodi au baraza. Udaktari, uuguzi, famasi, na katika nchi nyingi uwakili na uhandisi. Huko hakuna njia ya mkato, ujuzi wa kujifunza mwenyewe hautakupa leseni. Ukiitaka famasi yenyewe, ya kusimama na kutoa dawa, nenda ofisi ya usajili wiki hii ukaulize utaratibu wa kuhama kozi na tarehe ya mwisho. Dirisha hilo huwa fupi, na kadiri unavyokaa ndivyo masomo yasiyohamishika yanavyoongezeka. Jibu likiwa hapana, uliza kama kozi uliyonayo inakubalika kama sifa ya kuingilia famasi baadaye, kisha pima kwa utulivu kama miaka hiyo ya ziada unaimudu.

Kazi zisizo na leseni ni nyingi mno, na huko mlango wa kozi ni mpana kuliko unavyodhani. Jiulize kwenye famasi ulivutwa na nini. Kama ni dawa zenyewe, zinatoka wapi na zinafanyaje kazi mwilini, basi mimea imo ndani ya historia hiyo: asidi ya salisili, ambayo aspirini ilitokana nayo, ina uhusiano na magome ya mwerebi. Artemisinini ya kutibu malaria ilitolewa kwenye mmea, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Maabara za kupima ubora wa dawa, viwanda vya viuatilifu, uhifadhi wa mbegu, udhibiti wa magonjwa ya mazao, kote huko anatakiwa mtu anayeijua mimea na kemia yake. Chagua masomo ya hiari ya kemia na takwimu. Kama ulivutwa na kuhudumia mgonjwa uso kwa uso, niambie, maana ushauri unabadilika.

#10 Mchangiaji, mwaka wa kwanza

Nilivutwa na maabara, mkuu. Sikuwahi kujiuliza hivyo. Kesho nakwenda usajili kuulizia, lakini pia namfuata mwalimu wa kemia.

#11 Mchangiaji, mwaka wa pili wa fedha

Naomba kuuliza kuhusu mitihani ya kitaaluma. Nianze nikiwa chuoni au nisubiri nipate kazi? Wengine wananiambia najichosha.

#12 Mleta mada

Inategemea mtihani, kwa hiyo usifuate mkumbo. Kwa utaratibu uliozoeleka wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kuna mitihani 13, na aliyesoma shahada inayotambuliwa anaweza kusamehewa hadi 9. Ukikimbilia kufanya sasa, unaweza kulipia mitihani ambayo shahada yako ingekufutia. Pia wanadai miezi 36 ya uzoefu wa kazi, kwa hiyo hata ukimaliza mitihani yote mapema, uanachama utasubiri. CFA, sifa ya wachambuzi wa uwekezaji yenye ngazi tatu, humruhusu mwanafunzi kufanya ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi 23 au pungufu kabla ya kuhitimu. Wewe wa mwaka wa pili, kama kozi yako ni ya miaka mitatu, mlango huo umefunguka au unakaribia kufunguka. Ukiipita ngazi ya kwanza ukiwa bado mwanafunzi, anayesoma CV yako anapunguza maswali.

Angalia pia vyeti vinavyoisha muda. CCNA ya mitandao ya kompyuta haina sharti la kuingilia lakini hudumu miaka mitatu. Alama za GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, hudumu miaka mitano, matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huchukuliwa kuwa hai kwa miaka miwili. Mwanafunzi anayefanya IELTS mwaka wa kwanza kwa sababu ana muda anajitafutia gharama mara mbili. Kabla ya kulipa chochote, fungua tovuti ya wanaotoa mtihani usome masharti ya mwaka huo, yanabadilika.

Na uanze na lile jedwali la matangazo. Kama cheti hakitajwi kwenye kazi unazozitaka, pesa yako ina matumizi mengine.

#13 Mchangiaji

Swali dogo mkuu. Nina mpango wa miaka kumi nimeubandika ukutani. Wewe unaonekana huamini mipango mirefu?

#14 Mleta mada

Uache hapo ukutani, ila usiugeuze sheria. Mwanasaikolojia John Krumboltz na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba bahati na matukio yasiyopangwa yana nafasi kubwa katika maisha ya kazi ya watu, na kwamba mtu anaweza kujiweka tayari kuyapokea. Walitaja udadisi, ustahimilivu, kubadilika, kutazama mambo kwa matumaini na uthubutu. Mimi kwa mwanafunzi napenda mpango wa mwaka mmoja ulio na kazi za kumalizika, na mwelekeo wa miaka mitatu ulioandikwa kwa penseli. Mwaka wa tano kwenda mbele kuna kazi ambazo leo hazina hata jina.

#15 Mchangiaji, mwaka wa mwisho

Nimebakiza muhula mmoja. Sijafanya hata moja kati ya haya. Nimesoma hadi hapa nikajikuta najilaumu tu. Kuna la kuokoa?

#16 Mleta mada

Lipo, na kujilaumu hakutakuongezea siku, tusonge.

Kwanza, nina hakika umefanya vitu ambavyo hujavihesabu. Kazi za kikundi ulizozibeba wewe, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kazi ya likizo, kusimamia jambo kwenye nyumba ya ibada au kwenye timu. Kaa na karatasi uviandike vyote bila kuchuja. Kisha kwa kila kimoja andika ulichokifanya wewe mwenyewe na kilichobadilika kwa sababu yako.

Pili, utafiti wako unakaribia kukamilika, sivyo? Toa humo kurasa mbili kwa lugha nyepesi: tatizo, ulivyopima, ulichokuta, nini kifanyike. Mpelekee kila uliyemhoji au aliyekupa takwimu, na watu wengine watano wanaofanya kazi kwenye eneo hilo. Hiyo ndiyo kazi yako ya kuonyesha, na wakati huo huo ni sababu ya heshima ya kuwaandikia.

Tatu, CV. Usiandike moja ukaitawanya kote. Kuna barua mashuhuri ya Leonardo da Vinci, aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1480 akijitambulisha kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Aliorodhesha mambo kumi anayoyaweza. Alianza na madaraja mepesi ya kivita, mashine za kuzingira ngome, mizinga. Uchoraji na uchongaji, vitu tunavyomjulia sisi leo, akavitaja mwishoni kabisa. Alijua anayemwandikia ana vita kichwani. Na wewe lisome tangazo, ujue anayelitoa ana tatizo gani, halafu kilicho karibu na tatizo hilo ndicho kikae juu, hata kama unachojivunia zaidi ni kingine.

Muhula mmoja unatosha kwa hayo matatu ukianza wiki hii. Orodha ndiyo ianze, usiku huu huu.

#17 Mchangiaji, mwaka wa mwisho

Nimeanza. Nimefika vitu tisa na sikutarajia. Utafiti wangu ni wa upotevu wa maji kwenye mabomba. Nianze na nani?

#18 Mleta mada

Anza na fundi au mhandisi aliyekutembeza kwenye mabomba, kabla ya bosi wake. Yeye ndiye aliyekuona ukiuliza maswali, na ndiye atakayekuambia kama ulichokiandika kinaendana na hali ya kule chini. Akishasoma na kukurekebisha, muombe akuelekeze ofisi gani hapo ndani inaumizwa zaidi na upotevu huo, kisha peleka huko ukitaja kwamba yeye ameipitia.

Na ukimaliza kurasa hizo mbili, bandika hapa aya ya kwanza, bila majina ya watu wala ya taasisi. Mhadhiri wa #6 naona bado yupo mtandaoni, tutaisoma pamoja.